Mwangwi wa sekunde nne: nilivyozunguka Ujerumani na kwaya yetu ya vijana

Tulifanya mazoezi yetu ya kwanza Ujerumani Alhamisi jioni, ndani ya kanisa la mawe la wenyeji wetu, kwenye mji mdogo wa jimbo la Saxony. Kesho yake tulikuwa tunahudumu. Nilichagua wimbo ambao vijana wangu wanaweza kuuimba hata wakiamshwa usiku wa manane. Ngoma ikaingia, kinanda kikaingia, sauti ya kwanza wakaanza, na kufika mstari wa pili sikusikia neno hata moja. Kilichokuwa kinarudi kutoka juu ya matao kilikuwa uji mtupu. Besi walisikika wakiimba mahali ambapo sauti ya kwanza walishapita.

Nikainua mkono, wakanyamaza. Sauti yao ikaendelea kuzunguka peke yake juu ya vichwa vyetu. Binti mmoja wa sauti ya pili akasema polepole, "Mwalimu, kanisa linatujibu."

Kwetu, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, tunaimba chini ya bati. Sauti ikitoka imekwenda, na mvua ikinyesha ndiyo kabisa, unashindana nayo. Kwaya zetu zimejengwa kwa hali hiyo: nguvu, kasi, ngoma, kinanda kilichofungwa kwenye spika kubwa. Nimefundisha hivyo kwa miaka tisa, na jioni ile nikaona kwamba karibu kila nilichowafundisha kilikuwa kinatuangusha. Nilikuwa na saa mbili tu kabla mtunza kanisa hajafunga mlango.

Nikawaambia waketi. Nikapiga kofi moja katikati ya kanisa, nikahesabu mpaka sauti ilipokufa. Sekunde nne hivi. Kwa wimbo wa kuchangamka hizo ni karibu mstari mzima, maana yake kila mstari ulikuwa unaingia wakati uliotangulia bado uko hewani. Na Kiswahili chetu kinalikuza tatizo, kwa sababu karibu kila silabi inaishia na irabu, na irabu ndiyo inayoning'inia.

Nikaanza na ngoma. Kuiacha kuliniuma, na mpigaji wangu aliumia zaidi, lakini nilimpa kayamba na kumwomba aitikise kana kwamba kuna mtoto amelala pembeni. Kinanda nacho kikanyamaza. Kisha nikapunguza mwendo, tukakata irabu ya mwisho ya kila mstari mapema na kukaa kimya kwa pumzi moja kamili kabla ya kuendelea. Hiyo pumzi ndiyo ilikuwa ngumu. Vijana hawajazoea kimya katikati ya wimbo, wanahisi kama wamesahau. Nikampeleka kijana mmoja wa besi benchi la mwisho kabisa, nikamwambia anyooshe mkono kila anapopoteza neno. Mwanzoni mkono haukushuka. Tukasogea mbele hadi karibu na benchi la kwanza, tukakaa nusu duara, tukafanya tena.

Nyimbo zilizotuokoa ni zile za zamani za kuitikiana. Mmoja anaita, mwito unakwenda hadi mwisho wa kanisa na kurudi, ndipo wengine wanaitika. Kanisa lile lilikuwa kama limejengwa kwa ajili ya nyimbo hizo. Nikafuta nusu ya orodha yangu usiku huohuo na kupanga upya.

Niseme kidogo tulivyofika, maana wengi wameniuliza kuhusu makaratasi na fedha. Usharika wetu una urafiki wa miaka mingi na usharika wa huko, na mzizi wake ni wa zamani: wamisionari wa Leipzig, mji wa jimbo hilohilo la Saxony, walifika Machame mwaka 1893. Mwaliko ulikuja, lakini pasipoti ilikuwa kazi yetu. Tulikuwa watu 20, waimbaji 18, mama mlezi na mimi. Kwa Sh150,000 kila mmoja, hizo ni milioni tatu kabla hujakanyaga uwanja wa ndege. Tulizipata kwa mnada baada ya ibada, Jumapili baada ya Jumapili. Kuna mkungu wa ndizi uliouzwa mara tano siku moja, kila aliyeununua akiurudisha mezani uuzwe tena, na aliyeununua mwisho alikuwa bibi ambaye mjukuu wake hayumo hata kwenye kwaya.

Kilichotuchelewesha ni majina. Binti mmoja cheti cha kuzaliwa kilikuwa na jina moja na cheti cha shule lingine, ikabidi kwenda kwa wakili kula kiapo. Kwa mwalimu anayefikiria safari kama hii: anza na vyeti vya kuzaliwa, tena mwaka mzima kabla, ndipo ufikirie nyimbo. Bima ya safari lazima ifikie angalau euro 30,000. Ada ya viza ya Schengen, ile inayokuingiza nchi nyingi za Ulaya, ni euro 90 kwa mtu mzima, lakini kanuni zao zinawasamehe vijana wasiozidi miaka 25 wanaowakilisha shirika lisilo la kibiashara kwenye shughuli ya utamaduni au elimu iliyoandaliwa na shirika la namna hiyohiyo. Wenyeji wetu waliliandika hilo wazi kwenye barua ya mwaliko. Tukalipa wawili tu, mama mlezi na mimi.

Ijumaa jioni kanisa lilijaa. Tukaimba wimbo wa kwanza kwa mwendo mpya, pumzi zikakaa mahali pake, tukamaliza. Kimya. Hakuna kofi, hakuna kigelegele, hakuna mama anayekuja mbele na noti mkononi. Wimbo wa pili, kimya. Wa tatu, kimya. Nikaona mabega ya vijana yanaanza kushuka. Aliyekuwa karibu nami akanong'ona, "Mwalimu, hawatupendi." Sikuwa na jibu, nikawapa tu sauti ya kuanzia wimbo wa nne.

Huo ulikuwa wimbo wa shukrani tunaouimba kwetu tangu utoto. Aliutunga Martin Rinckart, mchungaji wa Eilenburg, mji ulio karibu na Leipzig, aliyezika maelfu ya watu wakati wa tauni katika Vita vya Miaka Thelathini. Tuliuimba kwa Kiswahili. Katikati ya ubeti wa kwanza nikasikia sauti nyuma yangu, kwanza za wazee, halafu kanisa zima, kwa Kijerumani, sauti nne kamili. Mwangwi ambao jana ulitutesa ukawa unatuunganisha, hata sikujua tena sauti ipi imetoka kwetu na ipi imetoka kwao. Mpigaji wangu wa kayamba alisahau kuitikisa.

Mwisho walisimama na kupiga makofi mpaka tukarudi mara mbili. Ndipo mwenyeji wangu akanieleza kwamba katika kanisa wengi husubiri hadi mwisho ili wasikatishe. Kiingilio kilikuwa bure, na sadaka ilikusanywa mlangoni watu wakitoka, kwenye vikapu walivyoshika vijana wetu wenyewe. Natamani ningeyajua hayo mapema na kuwaambia vijana kabla hawajapanda.

Jumamosi tulikwenda Leipzig kwa treni. Kuna tiketi ya siku nzima inayoitwa Sachsen-Ticket, watu hadi watano wanasafiri pamoja kwenye treni za kawaida, na inafika hata majimbo jirani ya Thuringia na Saxony-Anhalt. Tulikuwa 20, kwa hiyo makundi manne kamili, kila kundi na kiongozi wake anayeshika tiketi. Mpango mzuri, ila nilisahau kuwaambia jambo dogo: mlango wa treni haufunguki wenyewe, unabonyeza kitufe. Kituo cha Markt, chini ya ardhi, makundi matatu yalishuka na la nne likabaki limesimama mbele ya mlango likisubiri. Nikawaona kupitia kioo wakipita. Moyo ulinishuka hadi miguuni. Mama mlezi alikimbia kando ya reli kana kwamba angeikamata treni. Walishuka kituo kilichofuata, Wilhelm-Leuschner-Platz, wakauliza njia, wakaja kwa miguu na kutukuta tukiwa bado tunabishana nani aende kuwatafuta. Tangu siku hiyo kila mlango ulikuwa na mtu wake wa kitufe.

Tulikuwa tunawahi kanisa la Thomaskirche saa tisa alasiri, kusikiliza kwaya yao. Mtunzi wa muziki Johann Sebastian Bach alifanya kazi hapo tangu 1723 hadi alipofariki 1750, na kaburi lake liko hapo mbele, karibu na madhabahu. Kwaya ya wavulana wa kanisa hilo ilianza mwaka 1212. Tukakaa, tukatazama mbele tukiwasubiri waingie, na sauti ikatujia kwa nyuma. Wanaimbia kwenye roshani, juu, chini ya kinanda cha mabomba, na walioketi kwenye mabenchi wanawapa mgongo. Vijana wangu, ambao nusu ya huduma yao ni sura na miguu, waligeuka kuwatafuta, kisha mmoja mmoja wakarudi mbele na kufumba macho. Nilisikia jinsi wavulana wale walivyokuwa wanaliachia kanisa limalize kabla ya kuingia tena. Ile pumzi yetu ya Alhamisi, wao wanaikuta pale tangu wakiwa watoto wa miaka tisa.

Jumatatu tulishiriki sala ya amani Nikolaikirche, kanisa lingine la Leipzig, saa kumi na moja jioni. Kutoka katika sala hizo watu wapatao 70,000 waliandamana kuupinga utawala wa Ujerumani Mashariki tarehe 9 Oktoba 1989, na mwezi mmoja baadaye Ukuta wa Berlin ukafunguka. Mjini Wittenberg tuliimba nje tu, wimbo mmoja, mbele ya mlango wa kanisa, wa shaba, wenye hoja 95 za Martin Luther, aliyeanzisha matengenezo ya Kanisa. Kwa familia tulizolala, chakula cha jioni kilikuwa mkate na jibini, baridi, na saa mbili na nusu usiku jua bado linawaka. Vijana walivumilia vizuri. Familia moja ilijifunza kuitikia "marahaba" na mpaka leo inanitumia ujumbe wa sauti ikitamka hivyo.

Berlin tulikwenda kwa basi, na nilikotaka wafike ni kwenye makumbusho ya sayansi asilia. Ukumbini kuna mifupa ya dinosaria yenye urefu wa mita 13.27 kwenda juu. Ilichimbwa Tendaguru, Lindi, kati ya 1909 na 1913, ikabebwa mabegani na vichwani mwa wapagazi hadi bandarini, mwendo wa siku kadhaa. Msimamizi mkuu wa wachimbaji alikuwa Boheti bin Amrani. Mmoja wa besi zangu mama yake ni wa Lindi. Alisimama chini ya shingo ile muda mrefu, akaniuliza, "Mwalimu, hivi kule nyumbani kimebaki nini?" Nikamwambia kilima na mashimo. Sikuona haja ya kulipunguza jibu hilo, wala yeye hakuhitaji zaidi. Ningependa kila mtoto wa Tanzania anayefika Berlin asimame pale, na ningependa zaidi asilazimike kufika Berlin.

Tuliimba mara saba kwa siku 14. Kila kanisa nilianza na kofi moja. Moja lilikuwa na sekunde mbili, tukarudisha ngoma, na kijana wangu alipiga kwa furaha ya siku zote alizonyamaza. Lingine lilikuwa na zaidi ya sita, tukaimba nyimbo za kuitikiana peke yake.

Wote 20 tulirudi. Jumapili ya kwanza nyumbani tulisimama mbele ya usharika, chini ya bati letu, tukaimba wimbo uleule wa Alhamisi, na ngoma na kinanda vyote mahali pake. Mwisho wa mstari wa kwanza vijana wakakata irabu na kunyamaza, wote pamoja, kwa pumzi moja. Sikuwa nimewaelekeza. Kanisa zima likanyamaza nao, nje tukasikia kuku, na kisha wakaingia mstari wa pili.