Gobore la marisau: ninavyolishindilia kwa kuwinda ndege

Kwa gobore la geji 12 (geji ni kipimo cha upana wa mtutu) natia baruti gramu 4.9 na marisau, yaani vigololi vidogo vya madini ya risasi, gramu 32, na sijaona sababu ya kuzidisha. Kwa wanaopima kwa greni, hiyo ni baruti greni 75 hivi. Vipimo hivyo viwili, cha baruti na cha marisau, vina ujazo karibu sawa, kama mililita 5, kwa hiyo kikombe kimoja kinatosha: mara moja kwa baruti, mara nyingine kwa marisau. Gobore la geji 20 linaridhika na kikombe cha mililita 4, yaani baruti gramu 4 na marisau gramu 25 hivi.

Wengi wakikosa ndege hudhani bunduki haina nguvu, wanaongeza baruti. Wanazidi kuharibu. Baruti ikizidi, marisau hutawanyika yakitoka mdomoni na katikati kunabaki uwazi ambao kware anapita bila kuguswa. Ukitaka marisau yaende yamekusanyika, punguza baruti kidogo na uache marisau kama yalivyo. Bega nalo litashukuru.

Baruti yenyewe ni nyeusi, ya chenga zilizoandikwa FFg kwenye kopo (alama ya ukubwa wa chenga). Baruti ya kisasa isiyo na moshi haiingii humu hata chembe, kwa sababu shinikizo lake litapasua mtutu ulioko sentimita chache tu mbele ya kidole chako. Bunduki ya zamani ikaguliwe na fundi wa silaha kabla ya chochote, hasa kutu iliyokula mtutu kwa ndani na tundu lenye nyuzi za skrubu linaloshika chuchu, yaani kijibomba kinachovalishwa fataki.

Kabla ya kutia kitu, nahakikisha mitutu ni mitupu. Teremsha mdeki (fimbo ya kushindilia) mpaka ugonge chini, shika kwa kidole pale ulipofikia mdomo wa mtutu, uutoe na uulaze kwa nje: ncha inapaswa kufika karibu na usawa wa chuchu. Mdeki wangu una alama mbili zilizokatwa kwa kisu, moja ya mtutu mtupu na nyingine ya mtutu uliojazwa kwa kipimo changu. Alama hizo zinamaliza ubishi wote wa "nimeshatia au sijatia?"

Halafu nafyatua fataki tupu (kikofia kidogo chenye dawa ya kuwashia) kwenye kila chuchu ili kuunguza mafuta yaliyobaki. Elekeza mdomo wa mtutu kwenye jani la nyasi, karibu kabisa. Jani likitikisika, njia iko wazi. Lisipotikisika, chokoa chuchu kwa sindano na urudie, maana baruti ikishaingia juu ya mafuta itakuwa tope.

Sasa kushindilia kwenyewe. Tako liko chini, mdomo umeelekezwa mbali na uso, nyundo ziko nusu koki, yaani zimevutwa nusu tu, na chuchu hazina fataki. Hewa inayosukumwa na kiziba itatokea kwenye chuchu na kuburuta chembe chache za baruti hadi humo, jambo linalosaidia moto kushika haraka. Mimina baruti kutoka kwenye pembe ya kuhifadhia hadi kwenye kikombe, ndipo uimimine mtutuni. Usimimine moja kwa moja kutoka kwenye pembe hata ukiwa na haraka kiasi gani. Kaa dogo la moto likiwa limebaki chini, utapoteza kikombe kimoja cha baruti badala ya pembe nzima mkononi.

Juu ya baruti kinakaa kiziba cha kadibodi ngumu, unene wa milimita 3. Hiki ndicho kinachozuia gesi isipenye kwenda mbele, kwa hiyo lazima kibane ukuta wa mtutu pande zote. Kikiingia kwa kulegea, tafuta cha saizi kubwa zaidi. Kama mdomo umebanwa, kiingize kwa ubavu, kisha ukilaze kwa mdeki kikishapita pale pembamba. Kandamiza mpaka mkono usikie kimekaa, kwa nguvu ileile kila mara. Usitwange, kwani baruti iliyopondwa safari hii na kuachwa legelege safari nyingine hupiga tofauti. Nashika mdeki kwa vidole viwili, kiganja kikiwa kando; kiganja hakiwekwi juu ya mdomo wa mtutu.

Kinafuata kiziba cha sufu iliyogandamizwa, unene wa milimita 12, kilichopakwa nta ya nyuki iliyochanganywa na mafuta ya mnyama. Kinalainisha masizi na kusafisha mtutu kikipita. Lakini kisiloe. Kikiwa kizito kinafuata marisau kwa kasi na kuyapasua katikati, nawe utaona pengo katikati ya karatasi ya kujaribia. Mimi nakichana nusu kwa unene na kutumia milimita 6, na marisau yanakusanyika vizuri zaidi. Kisha marisau, na mwisho kadi nyembamba isiyozidi milimita 1, ya kuyashikilia tu. Kadi hii naitoboa kwa sindano ili hewa itoke, la sivyo inapanda tena yenyewe ukishaondoa mdeki. Fataki ndiyo ya mwisho kabisa, ukiwa umesimama tayari kuwinda.

Kwenye mitutu miwili hatari kubwa ni kutia mara mbili upande mmoja. Naanza kulia siku zote na kwenda hatua kwa hatua: baruti kulia, baruti kushoto, kadi kulia, kadi kushoto, hivyo hivyo mpaka mwisho. Mtu akinisemesha katikati, najibu nikimaliza. Nikitia shaka, alama za mdeki zinaamua.

Ukifyatua mtutu mmoja na mwingine bado una mzigo, ondoa kwanza fataki ya ule uliobaki kabla hujainamisha kichwa kushindilia. Wengi wanaruka hatua hii, na mdomo wenye mzigo unakaa sentimita chache kutoka kidevuni. Na kuna jambo lisiloonekana: mshindo wa mtutu wa kwanza hulegeza kadi ya mtutu wa pili na marisau yakasogea mbele. Pakiwa na nafasi tupu kati ya baruti na mzigo, mtutu unaweza kuvimba au kupasuka. Kwa hiyo kila ninapojaza mmoja, nateremsha mdeki kwenye mwingine pia na kuukandamiza.

Marisau ya milimita 2.4 yanafaa kware na njiwa. Bata anataka ya milimita 3 hivi. Nchi nyingi zimepiga marufuku marisau ya madini ya risasi kwenye maeneo ya maji kwa sababu ndege wa majini huyameza na kupata sumu. Marisau ya chuma yanakwaruza mitutu laini ya magobore, hivyo mbadala mzuri ni ya bismuthi, metali nyingine. Ila bismuthi ni nyepesi: kikombe kilekile kitakupa gramu 27 hivi, si 32.

Kipimo kinajaribiwa kwa karatasi kubwa, si kwa ndege. Piga ukiwa mita 25, chora duara la kipenyo cha sentimita 75 pale matundu yalipojaa zaidi, kisha tafuta pengo ambalo kware angetoshea. Piga karatasi kadhaa kwa kila kipimo, moja haisemi kitu. Mtutu usiobanwa mdomo huingiza takriban asilimia 40 tu ya marisau kwenye duara hilo ukiwa mita 36, ndiyo maana sifyatui ndege aliyevuka mita 28. Anajeruhiwa na kwenda kufia kusikojulikana.

Fataki ikilia na mzigo usiwake, usishushe bunduki. Iache imeelekea upande salama kwa dakika nzima, maana baruti huweza kuwaka kwa kuchelewa. Ndipo uweke fataki mpya. Ikigoma tena, chokoa chuchu, na ikibidi ifungue, tia chembe chache za baruti chini yake, ufunge, ukandamize mzigo kwa mdeki, kisha uweke fataki upya. Dawa hiyo hiyo inafaa ukiwa umesahau baruti kabisa. Kama hutaki kufyatua, funga skrubu ya kuvutia kwenye ncha ya mdeki, ng'oa kadi ya juu, mwaga marisau kwenye kopo, kisha vuta viziba kimoja kimoja.

Mdeki ukianza kuwa mzito kuteremka, masizi yamejaa. Pitisha kitambaa chenye unyevu kidogo, kisha kikavu. Kwenye hewa kavu masizi huwa ganda gumu na kazi hii inakuja mapema zaidi; ukilazimisha, kiziba kinakwama nusu ya njia, na mzigo uliokwama huko haufyatuliwi, unavutwa utoke.

Usafi ni siku ileile, kwa sababu masizi ya baruti nyeusi hufyonza unyevu na kutu huanza usiku huo huo. Vua mitutu, zamisha sehemu ya chuchu kwenye ndoo ya maji ya moto yenye sabuni kidogo, na upige kitambaa juu chini kama pampu mpaka maji yatoke meupe. Suuza kwa maji ya moto zaidi ili chuma kikauke chenyewe, paka mafuta, na grisi kwenye nyuzi za chuchu. Kesho yake pitisha kitambaa kikavu: kikitoka na rangi ya kahawia, rudia. Kisha nalisimamisha gobore mdomo ukiangalia chini, mafuta yasije yakateremka na kuganda kwenye njia ya chuchu.