Jinsi Mtumbwi Mbovu Ulivyogeuka Bustani ya Wajukuu

Nilipotangaza kwamba nitawatengenezea wajukuu wangu bustani ya viungo nyuma ya nyumba yetu hapa Mikindani, jirani yangu mmoja, ambaye hulima mchicha na kwa hiyo hujiona bwana shamba wa mtaa mzima, aliniamuru nichimbe matuta yenye upana wa mita 1.2. Nilimtii. Wiki mbili baadaye matuta yalikuwa yamekanyagwa kama uwanja wa mpira, nami nilikuwa nimekwisha kuwakaripia watoto mara kadhaa kabla ya kugundua kwamba mtoto wa miaka mitano akichuchumaa pembeni ya tuta pana namna ile, mkono wake haufiki katikati, hivyo hana budi kuingia. Nilichukua futi nikawapima mikono huku wakicheka. Mdogo wao aliishia sentimita 40.

Kosa lililofuata lilikuwa langu mwenyewe, na mpaka leo mke wangu hulisimulia kwa wageni. Ulikuwa msimu wa korosho, maganda yalikuwa bure, nami nikayatandaza njiani ili yazuie magugu. Mimi niliyezaliwa chini ya mikorosho, niliyemwona mama yangu akipaka mikono majivu kabla ya kubangua, nilisahau kabisa kwamba maganda mabichi yana mafuta yanayounguza ngozi! Jioni ile mjukuu wangu wa pili alikuja akichechemea, malengelenge yakiwa yamemtoka kati ya vidole vya miguu, akaniuliza kwa upole, “Babu, kwani bustani inauma?” Niliyazoa maganda yote usiku uleule kwa tochi, nikiwa nimevaa buti.

Ukombozi ulitoka ufukweni. Mvuvi mmoja alikuwa na mtumbwi uliopasuka, akaniachia kwa elfu kumi na kitu pamoja na maneno mengi. Upana wake haukuzidi sentimita 60, kwa hiyo mtoto hufika katikati akiwa upande wowote, na nyufa zake zilinipunguzia kazi ya kutoboa matundu ya kutolea maji. Sikuujaza mara moja, kwa maana mbao zilizokunywa maji ya bahari kwa miaka mingi zina chumvi ambayo mmea hauivumilii. Niliuacha upigwe na mvua za Desemba, kisha nikausuuza tena kwa ndoo kadhaa za maji ya bomba. Udongo wetu ni mchanga unaopitisha maji kama kung’uto, hivyo niliuchanganya na samadi ya mbuzi iliyokwisha kuoza, na ya kutosha.

Watoto waligawana mtumbwi kibaharia. Omo, yaani mbele, tulipanda mrehani, na tezi, yaani nyuma, penye kivuli cha mwarobaini, tukapanda giligilani, ambayo jua kali huifanya ikimbilie kutoa maua. Mbegu zake walizibingirishia chupa kwanza, kwa sababu kila punje ina mbegu mbili ndani, na kazi hiyo waliipenda kuliko kupanda kwenyewe. Ngamani, yaani chini katikati, nilifukia ndoo ya plastiki niliyoikata kitako, nanaa ikakaa humo, kwani ukiiachia huru hutambaza mizizi yake chini kwa chini mpaka inateka chombo kizima. Mchaichai niliupeleka nje ya mtumbwi, nyuma, kwa kuwa majani yake hukata vidole. Mshubiri niliukataa kabisa, ingawa shangazi yao aliuleta kwa nia njema, maana utomvu wake wa manjano huharisha, na mdogo wetu huonja kila kitu.

Yule jirani alipita juzi, akauzunguka mtumbwi mara mbili, akasema giligilani imebanana mno. Huenda ni kweli. Watoto hawakumsikia, kwani walikuwa wakibishana na bibi yao, ambaye siku hizi akitaka rihani ya kupanga kitandani hutozwa biskuti mbili kwa kila shada.