Chollerford hadi Steel Rigg kwa siku moja: nilivyoutembea Ukuta wa Hadrian

Karibu kila niliyemuuliza alinijibu kwamba kilomita 20 ni kazi ya saa tano. Kwenye lami, sawa. Kwenye Ukuta wa Hadrian, ngome ndefu ya mpakani iliyojengwa na Warumi wa kale kaskazini mwa Uingereza, kipande cha Chollerford hadi Steel Rigg kinataka saa saba hadi nane, na hilo jibu la saa tano ndilo linalowakosesha watu basi la mwisho.

Panga malazi mwisho wa njia, si mwanzo. Nililala Once Brewed, chini kidogo ya Steel Rigg, asubuhi nikapanda basi AD122 (namba imetokana na mwaka 122, ujenzi ulipoanza) hadi Chesters, hapo Chollerford, kisha nikatembea kurudi kwenye kitanda changu. Nauli ni pauni chache. Ratiba ya basi hilo hubadilika kwa msimu, kwa hiyo iangalie kabla hujalipia chumba. Wapo wanaosisitiza uanzie magharibi ili upepo uwe mgongoni, na kweli upepo wa kule hutoka magharibi mara nyingi. Lakini koti zuri huzuia upepo, wakati basi lililokwisha kuondoka halina dawa.

Sasa hesabu, ambayo ndiyo ninayojivunia. Warumi walijenga ngome ndogo kila maili moja yao, na kati ya ngome na ngome wakaweka minara miwili. Maili ya Kirumi ni hatua 1,000 za askari, kila hatua ikihesabiwa mguu uleule unaporudi chini: kama mita 1,480. Basi mnara hadi mnara ni takriban mita 490, sawa na mguu wa kushoto kukanyaga mara 333. Ngome hizo zimepewa namba kuanzia Wallsend, mashariki. Nilianzia karibu na namba 27, na Steel Rigg iko mbele kidogo ya 39. Hizo ni maili 12, karibu kilomita 18 kwa mstari wa ukuta, na mizunguko ya njia inaongeza zilizobaki. Tafuta ramani yenye namba hizo, uvae saa, upime mnara hadi mnara. Tambarare ilinichukua dakika 7. Kwenye majabali, 10 hadi 15, na mguu wa kushoto ulipita 400. Hata pale mnara ulipokwisha kutoweka, kuhesabu miguu kulinionyesha nilipo.

Hesabu hiyo inakuambia kwamba ngome ya 35, Sewingshields, ni theluthi mbili za njia lakini nusu tu ya muda. Nilianza saa tatu asubuhi, nikajiwekea sharti la kuipita 35 kabla ya saa saba mchana.

Nusu ya kwanza inaambatana na barabara ya B6318, iliyojengwa baada ya uasi wa 1745 dhidi ya mfalme wa Uingereza, juu ya ukuta wenyewe, kwa mawe yake. Ndiyo maana mawe ni machache. Usiipite Limestone Corner bila kusimama: Warumi waliacha handaki la kando ya ukuta halijakamilika kwa sababu mwamba ni doleraiti, jiwe gumu sana, si chokaa kama jina linavyodai, na matundu ya kabari zao bado yako kwenye jiwe moja kubwa. Brocolitia, ngome nyingine ya Kirumi, kuna hekalu la Mithras, mungu aliyeabudiwa na askari wa Kirumi, lililogunduliwa 1949. Ardhi hapo ni kinamasi, kwa hiyo buti ziwe za kufunika kifundo.

Maji yawe lita 2 tangu mwanzo. Ngome kubwa ya Housesteads iko juu, lakini vyoo na chakula viko chini bondeni, na kupanda tena kunakula dakika 20 hivi. Kiingilio cha ngome si kidogo. Njia yenyewe ni bure.

Baada ya Housesteads ukuta unafuata kingo za majabali, na kila pengo ni kushuka kwa ngazi za mawe na kupanda tena. Magoti huumia kwenye kushuka, si kupanda: refusha fimbo za kutembelea kwa sentimita 5 hadi 10 na upige hatua fupi. Usipande juu ya ukuta. Sehemu kubwa hapo ilijengwa upya katika karne ya 19 na John Clayton, wakili aliyenunua mashamba ili kuuokoa, na mawe yake yalipangwa bila chokaa, hivyo uzito wa mtu huyalegeza. Nyasi zikiwa na maji, mkiwa wengi tembeeni sambamba badala ya kufuatana mstari mmoja, maana mfereji mnaouchimba unafikia mabaki yaliyozikwa. Ng'ombe wenye ndama wazungukeni kwa mbali.

Na asikwambie mtu kwamba historia hii haituhusu Waafrika. Katika karne ya 3 kikosi cha Wamauri kutoka Afrika Kaskazini kililinda Burgh-by-Sands, upande wa magharibi wa ukuta huu huu. Kaisari Septimius Severus, aliyekuja kupigana kaskazini ya hapo na kufariki York mwaka 211, alizaliwa Leptis Magna, Libya ya leo.

Mteremko mkali kuliko yote, Peel Crag, unakuja mwisho, miguu ikiwa imechoka. Ngazi zikilowa huteleza: shuka kiupandeupande, fimbo ikitangulia chini kabla ya mguu. Ukifika maegesho ya Steel Rigg, Once Brewed ni kama dakika 15 kwa lami, mteremko mtupu. Nilifika saa kumi na nusu.