Vidato vitatu mlangoni

Televisheni tuliyomnunulia yule sajini mstaafu ilikuwa kubwa, mpya, na imefungwa utepe. Tuliibeba watu wawili huku mpiga picha akitufuata nyuma, na tulipofika mlangoni pake tulipanda vidato vitatu vya saruji bila hata mmoja wetu kuvitazama. Mwenye nyumba alitupokea akiwa kwenye kiti cha magurudumu, kwa kuwa miguu yake yote miwili ilikatwa juu ya magoti baada ya kukanyaga bomu la kutegwa ardhini. Akatushukuru kwa adabu ya kijeshi, picha zikapigwa. Tulipokuwa tunaaga ndipo mkewe alipotuuliza, kwa sauti ya chini na bila lawama yoyote, kama katika kamati yetu yupo mtu anayemfahamu fundi mwashi. Mumewe alikuwa na miezi minne hajatoka nje isipokuwa siku za kliniki, ambapo kijana wa nyumba ya pili huitwa kuja kumbeba mgongoni.

Nimejitolea kwa miaka kadhaa katika kamati hiyo ndogo, ambayo huchangisha fedha kwa ajili ya majeruhi wa vita na familia za wanajeshi, na kosa lile sina wa kumsukumia, kwa sababu orodha ya zawadi niliiandika mimi. Sikuwa nimemuuliza sajini wala mkewe wanahitaji nini. Nilikuwa nimejiuliza mimi mwenyewe ni kitu gani kitakachopendeza mbele ya wafadhili, na wafadhili, kama ajuavyo kila aliyewahi kukaa kwenye meza ya mhazini, hupenda kitu kinachoonekana kwenye picha.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, na mara nyingi nimeona kwamba jamii humtendea majeruhi wa vita kama mgeni huyo. Siku anaporudi kuna bendera, risala na machozi. Mwaka wa kwanza simu hazikatiki. Mwaka wa tano huulizwa kwa nini bado anaomba msaada. Lakini jeraha halina habari na kalenda yetu. Chukua mguu wa bandia, ambao wachangiaji wengi hudhani hununuliwa mara moja tu. Kwa kawaida mguu huo hudumu takribani miaka 3 hadi 5 kabla ya kuhitaji kubadilishwa, na soketi, yaani kile kikombe kinachopokea kigutu, huweza kuacha kukaa vizuri mapema zaidi ya hapo, kwa sababu kigutu hunywea, hasa katika mwaka wa kwanza. Hata ndani ya siku moja hubadilika. Nimemwona mwanajeshi mmoja wa zamani, katikati ya mazungumzo, akiuvua mguu wake, akiongeza soksi ya pili juu ya kigutu, kisha ya tatu, akiusukuma tena mpaka usikike ule mlio mdogo wa kubana, na kuendelea na sentensi aliyoikatiza. Soksi zile huchakaa na lazima zifuliwe kila siku, kwani jasho likikaa ngozi huchubuka, na ngozi ikichubuka mguu hauvaliki kwa siku kadhaa. Sijapata kuona tangazo la harambee linaloomba fedha za soksi.

Ajabu ni kwamba waanzilishi wa misaada ya aina hii waliliona jambo hili mapema kuliko sisi. Wafalme walikuwa wameanza na majengo: Louis XIV aliamuru mwaka 1670 kujengwa kwa Les Invalides mjini Paris ili askari wazee na vilema wapate pa kuishi, na Charles II wa Uingereza akaiga kwa hospitali ya Chelsea zaidi ya miaka kumi baadaye. Mke na watoto, hata hivyo, hawakuwemo sana katika hesabu. Jeshi la Uingereza la karne ya 19 liliwatambua tu wake walioolewa kwa kibali cha wakuu. Waliobaki walikuwa kana kwamba hawapo. Mwaka 1885, majeshi yalipokuwa yanasafirishwa kwenda Misri, ofisa mmoja aitwaye James Gildea aliandika barua gazetini akiomba fedha na watu wa kujitolea kwa ajili ya familia zilizoachwa nyuma, na kutokana na barua hiyo kikazaliwa chama ambacho hadi leo kinajulikana kwa kifupi cha SSAFA. Ninachokipenda katika mpango wa Gildea ni kwamba aliomba watu pamoja na fedha, watu wa kwenda kubisha hodi. Anayebisha hodi huviona vidato.

Miaka 30 baadaye, katikati ya Vita Kuu ya Kwanza, mwenye magazeti Arthur Pearson, ambaye yeye mwenyewe alikuwa amepoteza uwezo wa kuona, alianzisha mjini London kituo cha St Dunstan's kwa askari waliopofuka vitani. Walifundishwa kusoma kwa vidole, kupiga chapa, kupokea simu, kukanda misuli ya wagonjwa, useremala na ufugaji wa kuku, kisha wakasaidiwa kuanza kazi hizo hasa. Baada ya vita, nchini humo ambako wanajeshi zaidi ya 41,000 walikuwa wamekatwa angalau kiungo kimoja, Meja George Howson alifungua mwaka 1922 karakana ndogo ya kutengeneza maua mekundu ya bandia yanayovaliwa kuwakumbuka waliokufa vitani, akianza na maveterani watano wenye ulemavu. Ua lenyewe lilibuniwa ili mtu mwenye mkono mmoja aweze kuliunganisha. Mnunuzi barabarani alidhani anatoa sadaka, kumbe alikuwa analipa mshahara, na mimi naona tofauti hiyo ni kubwa sana kwa mtu aliyezoea kuamka na kazi ya kufanya. Kwa roho hiyohiyo, daktari Ludwig Guttmann aliwapanga wagonjwa 16 waliovunjika uti wa mgongo kushindana kwa upinde na mishale kwenye uwanja wa hospitali ya Stoke Mandeville, tarehe 29 Julai 1948, siku ileile Michezo ya Olimpiki ilipofunguliwa London. Kutokana na mashindano hayo ndipo ilipokuja kuota Michezo ya Walemavu tunayoitazama leo.

Hata hivyo, anayenisumbua usingizi zaidi ya majeruhi mwenyewe ni yule anayemhudumia. Utafiti wa taasisi ya RAND uliotolewa mwaka 2014 ulikadiria kwamba Marekani pekee ilikuwa na watu milioni 5.5 wanaowahudumia wanajeshi na maveterani wagonjwa au wenye ulemavu, na kati yao milioni 1.1 walikuwa wakiwahudumia watu waliotumikia jeshi baada ya mwaka 2001. Wengi wa hawa wa karibuni ni wake na wazazi ambao hakuna aliyewaandikisha popote wala kuwapa mafunzo. Huamka usiku kumgeuza mtu asipate vidonda vya kulalia. Hujifunza majina ya dawa. Huacha ajira zao. Na pale ambapo jeraha limeingia kichwani au rohoni, huishi na mtu anayeruka kitandani kwa mlio wa mlango, kisha asubuhi hakumbuki alichosema. Kiwewe cha vita hakikai kwa mtu mmoja. Watoto hujifunza kutembea kwa ncha za vidole, na mama hujibu simu zote kwa kusema tuko salama.

Mifano mizuri ya kuwafikia watu hawa ipo, na karibu yote ni ya mambo madogo. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Zachary na Elizabeth Fisher walijenga nyumba ya kwanza ya kupokea familia karibu na hospitali ya jeshi la wanamaji ya Bethesda nchini Marekani, mahali ambapo jamaa wa mgonjwa hulala na kupika bure kwa muda wote wa matibabu, na leo nyumba za namna hiyo zimezidi 90. Kitanda, jiko na ufunguo, basi. Lakini muulize mama aliyelala wiki tatu kwenye kiti cha korido kama anaona ni kitu kidogo. Mwaka 2010, baada ya vyama vya hisani na familia zenyewe kupaza sauti kwa muda mrefu, Marekani ilipitisha sheria ya kuwalipa posho wanaowahudumia majeruhi wa baada ya 2001 nyumbani, na mwaka 2018 sheria nyingine ikafungua mlango huo kwa familia za maveterani wa vita vya zamani. Hapo ndipo ninapotofautiana na baadhi ya wenzangu wanaoona kwamba chama cha hisani kisijihusishe na sheria. Pensheni na matibabu ya aliyejeruhiwa akiwa kazini ni deni la dola iliyomtuma, na sisi tukilipa deni hilo kimyakimya kwa michango ya watu, tunamsaidia mdaiwa. Katika kamati yetu, fedha zilizoleta faida kubwa kuliko zote ni zile tulizomlipa karani mstaafu anayejua fomu za madai, ambaye kwa subira yake wajane kadhaa walipata walichokuwa wakistahili tangu zamani.

Kuhusu matapeli nitasema machache. Neno "shujaa" hufungua mikoba haraka, na wapo wanaolijua hilo. Mwaka 2018 tume ya biashara ya Marekani, pamoja na mamlaka za majimbo, ilitangaza msako wa wale wanaochangisha kwa jina la maveterani na kuzila fedha hizo. Anayetaka kuchangia aombe hesabu za mwaka, aulize ni sehemu gani ya mchango inayobaki kwa wachangishaji wenyewe, na amwogope anayemharakisha. Lakini asidhani kwamba kila fedha ya uendeshaji ni wizi: karani wetu wa fomu naye, kwenye vitabu vya hesabu, yumo katika gharama za uendeshaji.

Wafiwa wana shida yao ya pekee. Mazishi ya kijeshi hupangwa vizuri kuliko kitu kingine chochote nilichowahi kuona, kila mtu akijua pa kusimama, na ukimya unaofuata haupangwi na yeyote. Mjane mmoja aliniambia kwamba kilichomtoa nyumbani baada ya msiba kilikuwa simu ya mjane mwenzake asiyemfahamu, ambaye hakumuuliza anaendeleaje. Alimuuliza kama ameshazigusa nguo za marehemu, na aliposema bado, akamjibu kwamba yeye ilimchukua miaka miwili. Tangu hapo tumewekea fungu dogo simu na nauli za wajane kutembeleana, na katika taarifa ya mwaka fungu hilo huonekana la kijinga kabisa.

Fundi mwashi alipatikana. Alitumia siku mbili kumwaga zege juu ya vile vidato vitatu na kutengeneza mteremko, na gharama yake ilikuwa chini ya nusu ya bei ya televisheni. Siku zege lilipokauka tulirudi bila mpiga picha. Sajini alishuka mwenyewe, taratibu, viganja vikiwa kwenye magurudumu, akafika barabarani, akageuka, akapanda tena akihema. Kisha akamwita mkewe amletee futi ya kupimia, akatuonyesha kwamba mlango wa bafuni nao ni mwembamba kuliko kiti chake kwa upana wa vidole viwili.