Mradi wa Preston Sturges: nimefika 1941

Bado naendelea kuzitazama filamu za Preston Sturges, mwandishi na mwongozaji wa Hollywood, kwa mpangilio wa miaka, daftari pembeni. Miaka ya 1930, alipokuwa akiandika tu na wengine wakiongoza, nimeipita mbiombio. Iliyonikalisha ni Easy Living ya 1937, chini ya Mitchell Leisen: tajiri anagombana na mkewe, anatupa koti la manyoya kutoka juu ya ghorofa, nalo linamdondokea Jean Arthur aliyejikalia zake kwenye basi la wazi. Balaa zote zinaanzia hapo.

Halafu 1940. Sturges alikuwa na skripti yake ya mwanasiasa mla rushwa. Akawauzia studio ya Paramount kwa dola 10, sharti aongoze mwenyewe. Ndiyo The Great McGinty, iliyompa Oscar ya skripti asilia, mwaka wa kwanza tuzo hiyo kutolewa. Mwandishi aliyezoea donge nono kukubali dola 10, nilidhani ni mbwembwe za kujitangaza.

The Lady Eve, ya 1941, imenibadilisha mawazo. Ukumbi wa chakula melini: Barbara Stanwyck, tapeli wa karata, kawapa watu mgongo na kushika kioo kidogo cha mkononi. Ndani ya kioo tunamwona Henry Fonda, mrithi wa kiwanda cha bia, kainamia kitabu huku wasichana wakijipitishapitisha. Stanwyck anasimulia kila jaribio kama mtangazaji wa mpira redioni. Fonda hasikii lolote. Akiinuka kuondoka, Stanwyck ananyoosha mguu, na kijana wa watu chini!

Kwenye karatasi hayo ni maneno ya mtu mmoja anayejiongelesha. Kichekesho chote kimo kwenye kile kioo, na mwongozaji mwingine asiyekiona kichwani angeweza kukikata apunguze gharama. Kwangu mimi zile dola 10 zilinunua kioo.

Kwenye jedwali langu la waigizaji, safu ya William Demarest haina pengo: yumo katika filamu zote 8 ambazo Sturges aliiongozea Paramount. Hapa ni mlinzi mbishi anayewashuku wote, na ndiye anayepewa sentensi ya mwisho ya filamu. Jamaa ana sura ya mtu aliyedhulumiwa chenji.

Inayofuata ni Sullivan's Travels. Ile aliyoitengeneza na tajiri Howard Hughes, baada ya kuiacha Paramount, sina haraka nayo.