Dawa Bila Masharti

Leo jioni tumemaliza kitabu cha saba cha Harry Potter, mvulana yatima anayesoma katika shule ya uganga, mimi na binti wa dada yangu, baada ya miezi minane ya kusoma karibu kila usiku baada ya chakula. Ana miaka 13 na Kiingereza cha vitabu vinene bado kinamchosha, kwa hiyo mimi husoma aya kimoyomoyo kisha nikamsimulia kwa Kiswahili, huku mama yangu, yaani bibi yake, akiwa ameketi mkekani akichambua mchele au akisikiliza tu. Mara ya kwanza nilivisoma vitabu hivi nikiwa kijana, mbiombio, nikitaka kujua nani atakufa na nani atapona. Kusimulia hakutaki mbio. Unapolazimika kumweleza mwenzako kila jambo likaeleweka, unafika mahali ulimi unakwama, na mara nyingi nimegundua kwamba tatizo halikuwa la lugha hata kidogo: hadithi yenyewe ilikuwa na tundu pale, nami zamani niliruka juu yake bila kuliona.

Ninavipenda vitabu hivi, na kama nisingevipenda nisingevirudia. Mwandishi wake, J. K. Rowling, ana kipaji cha kuficha jambo dogo katika kitabu kimoja na kulifufua katika kingine, na ana jicho la kuona jinsi mtoto asiye na wazazi anavyoitamani familia ya wenzake. Udhaifu ninaotaka kuuandika hapa ni mmoja, ingawa unajitokeza katika sura nyingi. Kwetu hakuna dawa isiyo na masharti. Mganga akikupa hirizi atakuambia usivuke mto ukiwa umeivaa, usile chakula fulani, usimwambie mtu, na msikilizaji wa hadithi hukaa akisubiri sharti livunjwe. Fumo Liongo hauawi kwa chochote ila sindano ya shaba kitovuni, na kwa sababu sharti hilo ni moja na halibadiliki, hadithi nzima inalitii: adui hana njia nyingine ila kumtuma mwanawe mwenyewe, na msiba wote unatoka hapo. Katika Harry Potter nguvu mpya huletwa kwa sababu kitabu kile kimeihitaji, halafu haiulizwi tena nani mwingine angeitumia, lini, na kwa nini hakuitumia.

Mpwa wangu ndiye aliyeanza kuliona. Katika kitabu cha tatu, kilichotoka mwaka 1999, mapacha Fred na George wanampa Harry ramani inayoonyesha kila mtu aliyemo shuleni na jina lake halisi, hata kama amejigeuza mnyama. Ramani hiyo wamekuwa nayo tangu mwaka wao wa kwanza. Baadaye katika kitabu hichohicho tunaambiwa kwamba panya wa mdogo wao Ron, rafiki wa Harry, ni mtu mzima aitwaye Peter Pettigrew, aliyejificha katika umbo hilo kwa miaka 12. Binti alinyamaza kidogo, akasema, “Mjomba, yule panya alikuwa analala na Ron. Mapacha hawakuona jina la mwanamume kwenye kitanda cha mdogo wao, miaka miwili yote?” Nilimjibu kwamba pengine wao waliangalia korido tu, wakimwinda mlinzi ili wakatoroke. Ni jibu linalowezekana, lakini nililitunga mimi, kitabu hakikulitoa.

Kitabu hichohicho ndicho chenye kigeuza-muda, kile kidude cha shingoni ambacho Hermione, rafiki mwingine wa Harry, amepewa kwa kibali cha Wizara, yaani serikali ya wachawi, ili ahudhurie masomo mawili kwa saa moja. Usiku tulioisoma sehemu ile ulikuwa mtamu kuliko zote, kwa kuwa ndani ya kitabu chenyewe kidude kile kina masharti na yanashikwa barabara: usionekane, usijaribu kubadili kilichokwisha kutokea. Mlango unaobamizwa ukumbini, mlio wa shoka, mtu anayeonekana ng’ambo ya ziwa, kila kimoja kinarudi mara ya pili kikiwa na maana yake. Tatizo linaanza ukifunga kitabu. Wizara inayomwamini msichana wa miaka 13 kuichezea saa kwa ajili ya ratiba ya masomo haikifikirii tena kidude hicho mvulana anapouawa makaburini mwaka unaofuata. Katika kitabu cha tano rafu yenye vidude hivyo inavunjwa katika mapigano, na katika cha sita tunaambiwa kwamba akiba yote ya Wizara ilisagika siku ile. Mwandishi mwenyewe amekiri baadaye kwamba aliliingia suala la kusafiri katika wakati kwa wepesi mno. Namheshimu kwa kukiri, lakini kuvunja rafu ni kuziba tundu kwa tope: ukitazama kutoka mbali ukuta mzima, ukisogea unaona alama za vidole.

Linaloniuma zaidi ya hayo ni la Sirius Black. Mtu huyu, aliyesingiziwa usaliti alioufanya Pettigrew, anakaa gerezani Azkaban miaka 12 bila kufikishwa mbele ya hakimu. Hilo peke yake si udhaifu wa hadithi, maana serikali za kweli zimefanya na zinafanya hivyo, na kitabu cha nne kinaeleza vizuri hofu ya vita iliyoziba masikio ya watu. Lakini katika kitabu hichohicho cha nne Dumbledore, mwalimu mkuu wa shule, anamnywesha mfungwa Veritaserum, dawa ya kusema kweli, na mfungwa anaeleza kila kitu mbele ya mashahidi kama anayesoma barua. Sirius wakati huo bado ni mtoro anayelala mapangoni na kula panya. Hakuna hata mmoja anayesema: huyu naye anywe dawa hii, aseme. Najua kwamba kitabu cha sita kinataja kinga dhidi ya dawa hiyo, na mtu anaweza kudai kwamba Wizara ingekataa ushahidi wa namna hiyo. Sawa, na iseme. Sentensi mbili za afisa anayekataa zingetosha, na zingetufundisha mengi kuhusu Wizara ile kuliko kurasa nyingi za mikutano yake. Badala yake tunapewa ukimya, na Sirius anakufa katika kitabu cha tano akiwa bado mhalifu machoni pa nchi yake.

Hata kosa lililomwingiza gerezani lina tundu. Wazazi wa Harry wanamkabidhi rafiki, yule Pettigrew, siri ya nyumba yao kwa uganga unaoifungia siri hiyo ndani ya moyo wa mtu mmoja, na rafiki huyo anawasaliti. Ila katika kitabu cha saba Bill Weasley, kaka yake Ron, anakuwa mtunza siri wa nyumba anayoishi yeye mwenyewe, na hakuna anayeshangaa. Kama jambo hilo linaruhusiwa, basi baba yake Harry angeitunza siri yake mwenyewe, na hadithi yote isingekuwapo.

Fedha nitazitaja kwa ufupi. Sarafu za wachawi ni tatu: Galleon moja ni Sickle 17, na Sickle moja ni Knut 29; mpwa wangu alizidisha kwenye daftari lake la hesabu akapata 493, akaipigia mstari mara mbili kwa furaha. Kilichofuata hakikumfurahisha. Alitaka kujua kwa nini akina Weasley ni maskini kiasi cha kwenda benki na kukuta chumba chao kina sarafu moja ya dhahabu na kichungu kidogo cha fedha, wakati mama yao anaweza kuamuru vyombo vijioshe. Katika kitabu cha saba Hermione anaeleza kwamba chakula hakiwezi kuumbwa kutoka hewani, ila ukiwa nacho kidogo unaweza kukiongeza. Mwenye mkate mmoja, basi, hawezi kulala njaa. Umaskini wa Ron ni wa kweli katika hisia, na mtu yeyote aliyewahi kuvaa sare ya kaka yake anaujua. Yule mvulana anayemaliza mwaka na kifimbo kilichovunjika, kimefungwa kwa utepe wa gundi, kwa sababu hathubutu kuwaomba wazazi kingine, nimemkumbatia moyoni. Lakini umaskini huo umekopwa kutoka dunia yetu, na katika dunia yake hauna mizizi.

Kisha kuna bara letu. Mwaka 2016 Rowling alichapisha maelezo mafupi kuhusu shule ya uganga ya Afrika, Uagadou, iliyopo katika Milima ya Mwezi, yaani Rwenzori, yenye umri wa miaka 1,000 au zaidi, kubwa kuliko shule zote za namna hiyo duniani. Wanafunzi wake hutoka bara zima na wengi hutumia mikono mitupu, kwa kuwa kifimbo ni cha Wazungu. Nilifurahi nilipoisoma mara ya kwanza, nakiri, na wazo la mikono ni zuri sana. Lakini jina linafanana na Wagadu, dola ya kale ya Wasoninke ambayo Waarabu waliiita Ghana, iliyokuwa katika eneo la Mauritania na Mali za leo, zaidi ya kilomita 4,000 kutoka Rwenzori. Wakonzo, wanaoishi kwenye miteremko ya Rwenzori na wanaomjua Kitasamba anayekaa kwenye theluji ya mlima ule, hawatajwi. Mpwa wangu aliuliza watoto wa Senegali na wa Msumbiji wanasoma kwa lugha gani wakikutana darasani. Maelezo hayasemi.

Tundu kubwa zaidi liko chini ya hayo. Maelezo yanadai kwamba sehemu kubwa ya uganga wa dunia, na wengine husema wote, ulianzia Afrika. Vitabu navyo vinasema kwamba tangu mwaka 1692 sheria ya kimataifa inawakataza wenye nguvu hizi kujionyesha kwa watu wa kawaida. Ukiviweka pamoja viwili hivi huwezi kukwepa swali: walikuwa wapi? Misafara ya watumwa ilipita, na mwaka 1905 watu wa kusini mwa Tanganyika waliingia vitani wakiamini kwamba maji ya Kinjikitile Ngwale yatageuza risasi za Wajerumani kuwa maji, wakafa kwa maelfu. Katika dunia ambamo uganga ni kweli na shule yake kubwa iko ng’ambo ya Ziwa Victoria, maji yale lazima yawe na maelezo, hata kama maelezo ni kwamba walimu wa mlimani walisikia na wakaamua kuitii sheria ya 1692. Hiyo ingekuwa hadithi nzito, na si lazima Rowling aiandike yeye. Lakini ukiongeza bara zima kwenye ramani yako, umeongeza na makaburi yake.

Nimebakiza ukurasa mmoja. Uko mwanzoni kabisa mwa kitabu cha tatu: Harry anaandika insha ya shule kuhusu kuchomwa kwa wachawi katika karne ya 14, na kitabu chake cha historia kinaeleza kwamba adhabu hiyo haikuwa na maana yoyote, kwa sababu mchawi wa kweli aliupoza moto kwa maneno, akajifanya analia, huku akihisi kutekenywa tu. Mmoja wao, Wendelin, aliupenda mtekenyo huo hata akajikamatisha mara 47. Kwanza, tarehe zenyewe haziendi: mauaji hayo yalishamiri katika karne ya 16 na ya 17, na Uingereza waliohukumiwa wengi walinyongwa. Wanahistoria wengi hukadiria kwamba Ulaya iliwaua watu kati ya 40,000 na 60,000 kwa tuhuma hiyo. Kama wachawi wa kweli waliupoza moto, basi waliokufa wote hawakuwa wachawi, na ulimwengu wa Harry haujawahi kuwataja.

Usiku tuliofika ukurasa ule niliuruka. Mama alikuwa mkekani na taa ilikuwa inammulika usoni. Amepika maisha yake yote kwa kuni mbichi na samadi kavu, na macho yake ni mekundu kama ya wanawake wengi wa rika lake kule Usukumani, ambako vikongwe wameuawa kwa mapanga kwa sababu ya wekundu huo. Miaka tisa iliyopita, baada ya mtoto wa jirani kufariki, watu wa kijijini walianza kupita mbali na uwanja wake, na asubuhi moja akakuta mlango umechorwa mkaa. Dada yangu alimfuata kwa basi la siku hiyohiyo. Alikuja na mfuko mmoja na kopo la maji ya kunawia macho, ambayo mpaka leo hunawia kabla ya kumsalimia mtu. Kwa hiyo sikuweza kulisoma jina la Wendelin mbele yake. Nilifunua kurasa mbili pamoja, nikaendelea na bundi walioleta zawadi za siku ya kuzaliwa.

Leo, tulipomaliza, binti alikumbusha. Alisema, “Mjomba, kitabu cha tatu uliruka.” Nilisubiri hadi mama alipokwenda kulala, nikakitoa kitabu kwenye kabati, nikamsomea aya ile polepole mpaka mwisho. Hakucheka. Alikivuta kitabu akajisomea mwenyewe kwa Kiingereza, kidole kikifuata mstari, kisha akaniuliza wale waliokuwa hawajui kuupoza moto walikuwa akina nani, na kama majina yao yako katika kitabu chochote.