Siku yangu maabara, na tyubu isiyo na nyama

Saa 12 asubuhi. Leo mlima umefunguka wote, ila mimi niko kwenye daladala, mkungu wa ndizi wa mtu umenilalia magotini. Hapa Moshi tunatafuta bakteria wanaoishi ndani ya uvimbe wa umio (njia ya chakula kutoka kooni hadi tumboni), kansa inayoiandama Kilimanjaro kama inavyowaandama majirani zetu wa magharibi mwa Kenya.

Saa 2. Sampuli zinatoka kwenye friza ya nyuzi 80 chini ya sifuri. Kinyama chenyewe ni kama punje ya mchele, na vinasaba vilivyomo karibu vyote ni vya mgonjwa. Vya bakteria ni vya kuokoteza. Ndiyo maana kila safari naandaa tyubu moja ya maji matupu, inapita kila hatua pamoja na wenzake: bakteria atakayeonekana humo katoka maabara, si kwa mgonjwa.

Saa 4, chai. Tangu 2016 IARC, shirika la utafiti wa kansa la WHO, wanasema vinywaji vya zaidi ya nyuzi 65 vinaelekea kusababisha kansa, basi mimi huiacha ipoe. Dada wa kantini ananitania: "Kaka, unakunywa au unataka kuoga?"

Saa 5. PCR, mbinu ya kunakili kipande cha vinasaba mara nyingi. Tunanakili jeni ya 16S, herufi kama 1,500, ambayo kila bakteria anayo. Mashine ya kuzisoma inaenea kiganjani.

Saa 9. Majibu ya wiki iliyopita. Fusobacterium nucleatum yumo, mkazi wa mdomoni ambaye 2012 timu mbili zilimripoti kwenye uvimbe wa utumbo mpana. Yumo pia Bradyrhizobium, niliyemshangilia siku nne nzima. Nafungua faili la maji: naye yupo, tena amejaa! Huyu ni bakteria wa mizizi ya kunde na soya. Kwenye umio alifuata nini? Alikuja na vitendanishi, zile kemikali zetu za maabara.

Aibu hii wameionja wakubwa. Utafiti wa Marekani uliotoka kwenye jarida la Nature 2020, uliodai kila aina ya kansa ina alama yake ya vijidudu, uliondolewa 2024. Vinasaba vya binadamu vilikuwa vimehesabiwa kama vya bakteria.

Namwonyesha Dokta. Anavua miwani, anaisogelea skrini. "Wa kunde mtoe. Wa mdomoni hayumo kwenye maji, mwache kwanza. Sampuli zote zirudiwe."

Saa 12 jioni. Naandika vifuniko vya kesho kwa kalamu nyeusi: Maji 1, Maji 2, Maji 3.